Tung'oe Kongo ya Sika

Tonton Feruzi, mjomba wangu,

Usiniulize karatasi hizi nimezitoa wapi. Nimezirarua katikati ya daftari la dada yangu mdogo, na akigundua nitamwambia ni panya. Na usijisifu kwamba nakuandikia kwa sababu nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia, na marehemu hapigiwi kelele. Majirani watasema Amisi ameingiwa na wazimu. Karatasi inameza kelele yote na haisemi kitu.

Tena tazama Kiswahili chenyewe. Naandika cha kitabu, si cha mtaa wetu wa Mangobo. Unajua nina darasa la tano na nusu. Nusu si aibu: shule ilifungwa tukiwa katikati ya kugawanya kwa tarakimu mbili, mwalimu akakimbia na jibu lake, mpaka leo sijui mia nane na kumi ukigawanya kwa hamsini na nne inakuwa ngapi. Wewe hukuwa hata na hiyo nusu. Nalisema mapema, kwa sababu barua nzima imekaa juu ya jambo hilo.

Bon. Desturi ni habari kwanza, hasira baadaye. Lakini desturi gani, na wewe umelala huko? Hasira kwanza.

Nina hasira na neno moja ulilolisema pale kwenye mdomo wa kijito. Herufi nne tu. Mimi ninayejua herufi nakwambia ni nne. Nina hasira na watu kumi na wawili waliosikia neno hilo wakaangalia maji kana kwamba maji yalikuwa na habari. Nina hasira na wale waliokuua, na zaidi kidogo na hawa wanaokusifu. Na kuna mtu mmoja ambaye nina hasira naye kuliko wote, nitafika kwake, usinikimbize.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitu hakijulikani kikiwa peke yake, kinajulikana kwa vile vinavyokizunguka. Alors, naanza na jani.

Lilikuja miaka michache kabla ya uhuru. Maji ya mto yanashuka, jani likapanda, limeng'ang'ania matumbo ya mashua kama abiria asiye na tiketi. Lilikuwa zuri, na hapo ndipo tulipodanganyika. Ua la zambarau, jani la kung'aa, shina limevimba kama shavu la mtoto anayeficha nyama. Siku ya uhuru wanawake wa Mangobo walichomeka maua yake kwenye nywele. Mimi nilikuwa juu ya mabega yako, napiga kelele za Kifaransa nisizozijua maana, na wewe ukanung'unika: "Piga kelele, lakini acha masikio yangu, hayo si usukani."

Nani alilipa jani lile jina? Wengine wanasema wapakiaji wa bandarini, wengine wanasema wavuvi wa Basoko. Kitu kipya, kizuri, kinaenea upesi, hakuna anayejua kitazaa nini. Basi kwa Kilingala chao wakaliita Kongo ya sika, Kongo mpya. Mto mzima ukacheka, jina likashika. Mwalimu wetu alisema jina lake ni gugu-maji, hakuna aliyemsikiliza. Mimi nasema hakuna kitu mjini hapa kilichopewa jina zuri kama lile, na wewe ulilichukia. "Usiite majani jina ya nchi," ulikuwa unasema. "Siku moja mutu atachanganya."

Mutu alichanganya, Tonton.

Unakumbuka kazi yako ya mashua ya dawa? Kofia ile waliyokupa! Uliipenda kofia kuliko mkeo, Tantine Agata, na tantine mwenyewe alisema hivyo, akaitia ndani ya chungu siku moja ili uone nani anapika. Mzungu wa mashua alipuliza dawa, jani likawa kahawia, likazama, mzungu akaandika kwamba limekwisha, akarudi kula. Wewe ulibaki unatazama. Wiki iliyofuata kijito kilinuka na samaki wakaelea matumbo juu. Ulipomwambia, alikujibu kwamba wewe si mtaalamu. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ulivyorudi nyumbani, ukavua kofia, ukaniuliza mimi, eti mimi, mtoto wa kamasi: "Kitu kimekwisha kufa. Sasa kinaua wengine namna gani?"

Nikasema labda ni uchawi. Ukanipiga kofi dogo la kichwa, ukasema kinachooza nacho kinavuta hewa, tena kinavuta kwa pupa, mpaka hewa ya majini inakwisha na samaki wanakosa. Mzungu aliua jani, jani likaua samaki, samaki wakaturudishia ugali mtupu. Na mtu aliyeona mwendo huo wote kutoka mwanzo hadi mwisho ndiye aliyeambiwa si mtaalamu. Hilo nalo linanichoma mpaka leo, ingawa si kubwa.

Halafu zile beseni. Ulichukua beseni mbili za tantine bila ruhusa. Kila moja ukatia mabundu watano, wale samaki bapa wadogo, na ngolo mmoja, yule kambare wa sharubu anayefanana na mjumbe wa mtaa wetu. Beseni moja ukaifunika na jani, nyingine ukaiacha wazi. Ukaniambia nichague nani atanenepa. Nikasema waliofunikwa, kwa sababu mimi mwenyewe nanenepa kivulini. Siku ya tatu mabundu wote waliofunikwa wamekufa. Ngolo yuko hai, anatokeza mdomo kati ya majani, anameza hewa, puk, anashuka.

"Umeona?" ukasema, umechuchumaa, umefurahi kama uliyeoa mara ya pili. "Mabundu anategemea hewa ya ndani ya maji. Jua haliingii, ule ukijani mudogo wa maji unakufa, hewa inakwisha, naye anakwisha. Lakini ngolo anapanda juu kutafuta yake. Nyumba moja, shida moja, lakini si wote wanakufa."

Tantine akasema kutoka mlangoni: "Na miye nitakufa na nini, Feruzi, na beseni zangu zinanuka hivi?"

Nilitaka kulichukia jani baada ya pale. Nilikuwa na kisasi cha mabundu watano. Ukanikataza. Ulisema jani halina kosa. Kwao, ng'ambo ya bahari, iko mdudu analitafuna, iko ugonjwa unalipunguza, iko majani ndugu zake wanagombana naye nafasi. Huku limekuja bila adui na bila ndugu, na kitu chochote kisicho na wa kukizuia kitajaza nyumba nzima, hata kikiwa kizuri, hasa kikiwa kizuri. Ukanifundisha maswali yako matatu, ya kuuliza mbele ya kila bwawa, kila shamba, kila soko: Nani anakula? Nani anakuliwa? Nani anakosa hewa?

Uhuru ulipofika mzungu akaondoka, mashua ikaenda mkono kwa mkono mpaka ikapotea, na kazi ya kufukuza jani ikafa. Hakuna aliyekutuma tena. Kofia ikabaki, ukawa unaivaa kwenda kufanya kazi isiyo na bosi. Ulichukua chuma cha kitanda ukatengeneza kulabu, ukaifunga kwenye mti mrefu, ukasema tutang'oa kwa mkono. Nilikuwa wa kwanza kwenye mtumbwi, nimesimama, maana mimi ninasimama kwenye mtumbwi kuliko kijana yeyote wa Mangobo, na anayebisha aje na mtumbwi wake. Ulikuwa na masharti kama mganga. Tung'oe kabla halijatoa ua. Tusikate: kila kipande kinachobaki majini ni jani jipya, ukikata umepanda. Tulipeleke juu ukingoni likauke, halafu wanawake walizike kwenye mashamba ya lengalenga, mchicha wetu. Na kule mwisho, upande wa miti, tuache ukanda mmoja bila kuugusa. Hilo lilinishinda. Adui unamwachia chumba? Ukainua jani moja ukanionyesha mizizi yake, mirefu kama ndevu, na ndani ya ndevu vitoto vya samaki vimejaa, vidogo kuliko kucha. "Kidogo iko nyumba," ukasema. "Kingi iko kaburi." Nikanyamaza. Siku zile nilikuwa nanyamaza kwa sababu nzuri.

Bon, sasa nafika.

Uasi ulipoingia mjini, vijana waliokuja walikuwa wamefunga matawi ya mchikichi kiunoni, na wengi wao si watu wa mto. Wametoka mbali, kwenye milima na nyasi, na kila siku wanatangaza kwamba wameleta Kongo mpya. Mashua kutoka Isangi zikaacha kuja, za Basoko zikaacha, soko likabaki na wauzaji wawili na inzi. Kijito chetu ndicho kilichokuwa chungu cha mtaa mzima. Na maji yalikuwa yanakaribia kupanda. Wewe ulijua, na mimi nilijua kwa sababu yako: maji yakipanda, samaki wa mto mkubwa huingia kijitoni wapite mpaka msitu uliofurika, kutaga. Mdomo wa kijito ukiwa umefungwa na jani, hawaingii. Wasipoingia, mwaka huo hakuna samaki, na mihogo haina pa kulowekwa ila kwenye maji yaliyooza, na mbu wanazaliana kwa raha zao chini ya majani. Ulikuwa na siku chache tu. Mikono minne haitoshi.

"Nitakuletea watu thelathini," nikasema.

"Wewe?"

"Miye. Naandika tangazo kwenye ukuta wa soko."

Ukacheka, lakini ulikubali. Ukaniambia maneno ya kuandika, pole pole, kama mtu anayemtuma mtoto dukani: andika majani ya mto. Andika kijito. Andika asubuhi. Usiandike maneno mengine.

Nilikwenda na makaa ya ukubwa wa kidole gumba. Nikafika ukutani, chini ya ukuta fundi viatu ameketi na misumari mdomoni, watu wamesimama, wananitazama. Unajua mimi na watu wanaonitazama. Tonton, hapa ndipo nilipotaka kusema kwamba makaa yalikuwa mafupi, kwa hiyo nikafupisha maneno. Nimewaambia hivyo wengine. Wewe sitakudanganya. Makaa yalibaki. Niliandika nilichoandika kwa sababu kilikuwa kinachekesha:

TUNG'OE KONGO YA SIKA. KESHO ASUBUHI. KILA MTU NA PANGA. FERUZI.

Sikuandika majani. Sikuandika kijito. Panga nilitia kwa sababu ya mizizi migumu, na kwa sababu neno panga nalijua kuliandika vizuri. Jina lako nilitia ili watu waje, maana wewe ulikuwa unaheshimiwa, mimi bado.

Watu waliangalia nyuma kwanza, halafu wakacheka. Fundi viatu alitema misumari. "Amisi, weye utatuua," akasema, anajifuta machozi. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyeshinda mpira. Ulipouliza kama nimeandika ulivyosema, nikajibu: "Kama ulivyosema, Tonton, na zaidi."

Walikuja kumi na wawili. Si thelathini, lakini wakati ule kumi na wawili walikuwa jeshi. Tulianza jua likiwa chini. Wewe na kulabu, mimi na mtumbwi, wanawake ukingoni wanapokea. Jani lilikuwa linatoka kwa vipande vikubwa kama mikeka. Mpaka saa nne tulikuwa tumefungua nusu ya mdomo, na maji meupe ya mto yakaanza kuingia kwenye maji meusi ya kijito, na wewe ukavua kofia ukayasalimia. Nakumbuka hilo. Kofia kwa maji.

Halafu wakaja watatu wa wale vijana wa matawi.

Mkubwa wao hakunizidi miaka mitatu. Bunduki moja kwa watu watatu. Akauliza nani Feruzi. Ukasema, "Ni miye, mutoto yangu." Akasema ukutani kumeandikwa watu wang'oe Kongo mpya kwa mapanga, na hapa anaona watu, na mapanga. Ukamwonyesha jani. Ukalishika mkononi, linadondosha maji, ukamwambia hii ndiyo Kongo ya sika, watu wa mto wanaliita hivi, uliza mutu yeyote. Yule kijana akaliangalia jani. Kwao halioti. Kwao hakuna mto wa namna hii, hakuna mashua, hakuna jina. Neno nalo lina mahali pake: hapa lina mizizi na watu wanalicheka, kule alikotoka lilikuwa neno moja tu na maana moja tu. Akasema: "Muzee, unazania miye mujinga? Nani anaita majani kama nchi?"

Akatugeukia sisi wengine.

"Nani aliandika?"

Vidole vyangu vilikuwa bado vyeusi. Makaa hayatoki kirahisi, na mimi sikuwa nimevisugua, nilitaka watu waone. Nilikuwa nimesimama kwenye mtumbwi, hatua nne kutoka kwako. Ukaniangalia vidole. Hukuniangalia uso, Tonton, uliangalia vidole. Halafu ukasema kama mtu anayemwita mtoto kula:

"Amisi, mikono iko michafu. Nawa."

Nikainama nikanawa.

Nikiwa nanawa, ukasema: "Mimi."

Ndiyo herufi nne hizo. Hukujua hata mojawapo! Hukuweza kuandika F ya jina lako. Karatasi za mashua ulikuwa unaweka kidole gumba, na wino ukaufutia kwenye suruali, tantine akakugombeza. Watu kumi na wawili walijua. Mama wa lengalenga alijua, jirani muuza chumvi alijua, fundi viatu, aliyenicheka ukutani na kuja asubuhi na panga lake, alijua kuliko wote. Mtu mmoja tu angesema, "Muzee huyu hajui kuandika," kazi ingekwisha. Au isingekwisha, sijui. Wakaangalia maji. Na mimi, ninayesema kwenye mazishi, ninayesema msikitini mpaka nafukuzwa, mimi ambaye ulisema nilizaliwa mdomo kwanza, nilifungua mdomo, nikameza hewa, puk, nikafunga.

Ngolo, Tonton. Umeona? Nyumba moja, shida moja, lakini si wote wanakufa.

Kwa nini ulisema vile? Nani alikuomba? Usingetaja mtu tu, ungenyamaza kama wengine, wangetuchapa sote fimbo, labda wangechoka. Umeniachia maisha ambayo sikuyaomba, nayabeba kila mahali kama beseni iliyojaa, nikitikisika kidogo inamwagika. Nimekukasirikia kwa hilo mpaka meno yanauma. Ulinifundisha nisikate kitu na kuacha kipande majini. Na wewe ulifanya nini? Ulikata, ukaniacha.

Walikuchukua. Siku ya tatu wavuvi walikuona, maiti, upande wa chini wa kijito, umeshikwa na jani. Mto ulikuwa unataka kukuchukua na jani likakataa. Nilikaa ukingoni nikalitukana jani lile lile lililokurudisha kwetu, nikamaliza matusi ya lugha tatu. Jeneza lilibebwa na watu wanne tu, wengine waliogopa kuonekana. Mmoja alikuwa mimi, upande wa kulia, na mimi ni mfupi, kwa hiyo ulikwenda kaburini umeinama. Nisamehe hilo peke yake kwanza.

Mtaa ukasema wewe ni adui wa nchi. Tantine Agata aliitwa mke wa adui na wanawake aliokuwa anawapa mbegu. Akafunga beseni zake mbili, akapanda mtumbwi wa kwanza uliopatikana, akarudi kwao Isangi.

Halafu wale vijana wakashindwa, wakaja askari wengine, bendera nyingine. Na sasa ngoja nikuchekeshe, maana wewe ulikuwa unacheka hata ukiumwa meno. Sasa wewe ni shujaa. Eti uliwapinga waasi kwa maandishi! Yule mjumbe wa sharubu, ngolo mwenyewe, aliyetuambia tusikuzike mchana, amesimama sokoni kutoa hotuba juu ya kalamu yako. Kalamu yako! Mvua ilikuwa imefuta makaa, wakayaandika upya kwa rangi nyekundu, maneno yangu, panga langu, na jina lako chini, na watoto wa shule wanapelekwa kuyasoma. Fundi viatu amekwisha kusimulia mara nne jinsi alivyokuona unaandika, na kila akisimulia mwandiko wako unazidi kupendeza. Wa kwanza walikuua kwa neno ambalo hukuliandika. Wa pili wanakutukuza kwa neno hilo hilo. Na katika hao wote, wa kwanza na wa pili, sijaona hata mmoja aliyeinama kung'oa jani moja. Mdomo wa kijito ulijifunga tena kabla matanga hayajaisha. Rundo tulilolitoa lilibaki ukingoni bila mtu, maji yakapanda yakalichukua, likaota. Mwaka huu watoto wa mtaa wamekuwa na homa za mbu mpaka shule imepungua. Shujaa ana jina lake ukutani, maji ya shujaa yananuka. Nani anakula? Mjumbe anakula. Nani anakosa hewa, usiniulize.

Wiki tatu zilizopita alikuja mama mmoja kutoka Isangi, muuza samaki wa moshi. Hakuniuzia samaki. Alisimama mbele yangu akasema: "Agata ananituma. Anasema bwana yake hakujua kuandika hata jina. Anasema niulize Amisi nani aliandika, kwa sababu Amisi anajua kila kitu."

Nikasema: "Sijui."

Unajua katika maisha yangu sijawahi kumwambia mtu neno hilo? Hata mia nane na kumi kwa hamsini na nne nilimwambia mwalimu ishirini na nne, kwa sauti. Yule mama akanitazama mikono, sijui kwa nini, mikono yangu ilikuwa safi. Akasema, "Bon, nitamwambia hujui," akaondoka. Na mimi nikaelewa kwamba tantine hakuwa na watu wengi wa kuwashuku. Pale kwetu wa kuandika alikuwa mmoja. Hakuuliza ili ajue. Aliuliza ili aone kama nitasema.

Nilikwenda nikachukua kulabu yako juu ya dari. Wiki tatu nimeng'oa peke yangu, kila siku, kabla ya kula. Nimefuata masharti yote. Sikukata. Nimepeleka juu, mbali na maji, nimegeuza likauke. Ule ukanda wa upande wa miti nimeuacha. Mdomo umefunguka upana wa mitumbwi miwili, na juzi maji yameanza kupanda, na jana, Tonton, nilisimama kimya kwenye mtumbwi nikaona mabundu wanaingia. Wanene, wana haraka, wanapita chini yangu kama watu wanaokwenda harusini. Nilitaka kupiga kelele. Nikavua kofia. Ndiyo, navaa kofia yako, inaniingia mpaka machoni, acha kucheka.

Na leo asubuhi nimekwenda sokoni na makaa. Chini ya rangi yao nyekundu nimeandika: FERUZI HAKUJUA KUANDIKA. KONGO YA SIKA NI MAJANI YA MTO. NILIANDIKA MIMI, AMISI. ALINIFICHA. Fundi viatu alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akasema, "Futa, mutoto. Utatuletea maneno. Mujumbe atakufunga." Nikamwambia nimemaliza, lakini makaa yapo, kama anataka kuongeza jina lake kwa wale walioangalia maji, nafasi ni kubwa. Hakuchukua. Lakini hakufuta, Tonton. Na nilipogeuka kwenye kona alikuwa bado anasoma, kidole chini ya herufi.

Sijui mjumbe atafanya nini. Ameshapeleka jina lako juu, hatapenda kuambiwa shujaa wake alikuwa mtu wa samaki. Basi na afanye. Yule mama wa samaki wa moshi amerudi mjini, anaondoka tena leo mchana, na nimemwambia ana kijana wa kupiga kasia mpaka Isangi, bora kuliko wote Mangobo. Akasema, "Miye naona tu kijana mwenye mikono michafu."

Ni kweli, ni michafu, nyeusi mpaka kwenye viganja. Sikunawa, na sitanawa njiani, hata kama mto wote uko chini yangu. Nataka tantine aione kabla sijafungua mdomo, halafu nitafungua. Barua hii nitamsomea yote, mpaka pale pa chungu na kofia. Akinipiga na beseni, nitasimama. Akinifukuza, nitalala ufukweni nirudi kesho yake.

Pumzika, Tonton, hata kama kaburi limeinama. Hasira yangu na wewe haijaisha, naenda nayo, inasaidia kupiga kasia. Nakuahidi mdomo wa kijito nitaufungua kila mwaka kabla ya maji, na ukanda wa vitoto nitauacha. Jani nitaliita jani. Na neno lile la herufi nne ulilonichukulia, nimelirudisha kwa mwenyewe.

Aliyeandika ni mimi,

Amisi.